Luciana Hakuwa Mpole

Bajaji iliwapitisha mbele ya turubai lile mara tatu. Mara ya kwanza Bibi Verediana aliangalia bango lililotundikwa getini, akamwona mama mmoja mweupe, amejaa shingo, amevaa hereni, anacheka kwa meno thelathini na mawili. Akasema huu ni msiba wa watu wengine, Mungu awape nguvu, twende mbele. Mara ya pili Mashimba ndiye aliyemwambia dereva asisimame, maana mama wa namna ile angekuwa jamaa yake Luciana wangekwisha kusikia kijiji kizima cha Mchombe. Mara ya tatu dereva alichoka. Aliwaambia wazee wangu, Viwanja Sitini yote leo turubai ni hili moja, kama si lenu basi mmekosea mji.

Wakashuka. Verediana alilisogelea bango, akasoma jina kwa kidole, herufi moja moja, na madarasa yake manne yakamfikisha salama mwisho wa jina. Ndiye. Luciana wake huyo huyo. Watu wa studio walikuwa wamemsafisha. Walimwondolea makunyanzi, wakampangusa ugoro puani, wakamwongezea shingo, halafu, kama watu waliokwisha kuanza wema na hawajui pa kuishia, wakampa na meno. Luciana alizikwa na meno mawili, moja la juu na moja la chini, nayo katika miaka ishirini hayakuwahi kukutana.

"Kumbe kufa kumemkubali," alisema Mashimba.

Mashimba ni Msukuma mwenye ng'ombe, jirani yao wa Mchombe. Miaka kumi aligombana na marehemu kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye mpunga, na miaka hiyo hiyo kumi kila asubuhi alimpelekea maziwa. Ugomvi wao ulikuwa na ratiba. Leo alikuja na galoni la maziwa mgando amelikumbatia kama mtoto mchanga, amevaa suti ya harusi yake mwenyewe.

Verediana hakuja na kitu mkononi. Yeye alikuja na kazi.

Yeye na Luciana walikuwa watani. Si utani wa kuokotana sokoni, ni utani wa ukoo kwa ukoo, waliourithi kwa babu zao waliotelemka kutoka upande wa Mahenge. Kwa watu hao, mtu akifa, ndugu wanalia na mtani anafanya kazi yake: anamwiga marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anayatoa mabaya yake hadharani mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Mtu anayeondoka bila kutaniwa ameondoka kama mpita njia aliyefia gesti. Wawili hao walikwisha kuahidiana zamani, wamekaa juu ya dungu katikati ya majaruba wakiamia mpunga usiliwe na ndege, kwamba atakayetangulia, mwenzake amvue nguo mbele za watu. Luciana ndiye aliyesisitiza. Alikuwa na hakika ya kubaki.

Siku ya maziko barabara ya Mlimba, ambayo ndiyo ya Mchombe, ilikatika kwa maji, na wenye magari wana haraka ya kuzika. Walimzika Luciana hapa Ifakara bila watu wa Mchombe. Verediana alilia nyumbani kwake siku tatu, akanyamaza, akasubiri arobaini. Kusubiri anakujua. Ila leo ndiyo tanga linamalizwa, na baada ya leo hakuna siku nyingine.

Faustin, mtoto mkubwa wa marehemu na bwana wa ofisini, aliwapokea getini. Alitoa shikamoo vizuri, huwezi kumlaumu kwa hilo. Lakini alipomwona Verediana anafunga khanga kifuani kama mtu anayeingia shambani, alimvuta pembeni karibu na magari. Alimweleza kwamba ratiba imekwisha kuchapwa, kuna emsii, kuna wasifu wa marehemu, kuna neno la familia, halafu chakula. Viongozi wake wa kazini wapo, na wake zao. Hayo mambo mengine watayafanya siku nyingine kule Mchombe, wao wenyewe, bila wageni.

"Siku nyingine ipi, mwanangu?" aliuliza Verediana. "Mama yako ana arobaini ngapi?"

Faustin alitazama saa. Alisema wataona, kama muda utaruhusu. Verediana ameishi miaka sabini na tano na bado hajauona muda ulioruhusu kitu ambacho mwenye saa hakitaki.

Waliketishwa nyuma kabisa, watu wa Mchombe wote pamoja, kwenye viti vya plastiki vilivyo uchi. Mbele viti vilivishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe kiunoni, kama wapambe wa bibi harusi. Pale meza kuu alikaa Faustin, wakakaa viongozi, na pembeni akakaa mzee Fidelis, shemeji wa marehemu, ambaye hajawahi kuwa kiongozi wa chochote ila tumbo lake linafanana na la viongozi, basi wakamchanganya.

Emsii alikuwa kijana anaitwa Gasper, viatu vyake vimechongoka kama mdomo wa mtumbwi. Alisoma wasifu kwa sauti ya kulegea, huku kinanda kinalia taratibu kwenye spika. Alisema marehemu alikuwa mkulima wa kisasa. Verediana akavumilia. Alisema marehemu alipendwa na majirani wote na hakuwahi kugombana na mtu. Mashimba akashusha galoni chini, akamwangalia Verediana, naye Verediana akatikisa kichwa: bado. Alisema marehemu alikuwa mtu wa kula kidogo. Bado. Alisema miezi yake ya mwisho aliishi kwa furaha kubwa katika nyumba ya mwanawe, akipumzika. Hapo kuna kitu kilimchoma Verediana chini ya titi, lakini alivumilia.

"Marehemu alikuwa mpole," alisoma Gasper. "Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti."

Pale nyuma mtu alikohoa. Mwingine akakohoa. Viti vyote vya Mchombe vikapata kifua kwa mpigo mmoja. Verediana akasimama.

Gasper alimwona anakuja, akasema kwa upole kwamba bibi yetu asubiri, nafasi ya salamu itakuja. Bibi alipita kwenye meza ya soda, akachukua sinia na kijiko cha kugawia pilau, akaenda kusimama mbele ya meza kuu. Alivuta midomo ndani mpaka meno yake yakapotea. Alitoa bega la kushoto mbele, akachomoa kiuno nyuma, akainua kidevu kama mtu anayetafuta mwizi juu ya miti. Basi. Pale nyuma mama mmoja alishika mdomo kwa mikono miwili, maana Luciana alikuwa amefika.

Halafu akapiga sinia.

"Hoo! Hoo! Wee Fidelis! Umekula kwa kaka yako, umekula kwa mama yako, na huku kwangu tena? Tumbo hilo la ndege au la gunia? Toka!"

Watu wa Mchombe walianguka kwa kicheko. Kila aliyewahi kulima jirani na Luciana alijua kwamba ndege wake aliwapa majina ya mashemeji, na yule mnene kuliko wote, anayekuja kwanza na kuondoka mwisho, alikuwa Fidelis. Sauti ya Luciana ilivuka mashamba matatu. Mashemeji walikuwa wanatukanwa kutoka alfajiri hadi jioni, miezi miwili kila mwaka, na hawakuwa na pa kushtaki, kwa sababu yeye alikuwa anasema na ndege. Mzee Fidelis wa meza kuu soda ilimpanda puani. Mke wa kiongozi mmoja alicheka, akajifanya anapiga chafya.

Verediana akaendelea. Alimtoa Luciana anayechota ugoro, anayesema "sili, sili" huku mkono uko kwenye sufuria. Alimtoa Luciana anayemfukuza ng'ombe wa Mashimba kwa fimbo, kisha anageuka na kuuliza maziwa ya leo yako wapi. Halafu akamtoa Luciana aliyeingia nyumba hii kwa mara ya kwanza, kama alivyosimuliwa. Alipandisha khanga hadi magotini, akatembea juu ya marumaru za Faustin kama anavuka jaruba lenye ruba, mguu mmoja, anasikilizia, mguu wa pili.

"Sakafu gani hii," alisema kwa sauti ya Luciana, "inayomchungulia mtu chini ya nguo?"

Sasa hata vitambaa vyeupe vilicheka. Gasper mwenyewe alicheka, akasahau kinanda. Faustin peke yake alikaa wima, anatabasamu kwa meno ya mbele tu, kama lile bango.

Verediana angeweza kuishia hapo. Mwenye busara angeishia hapo. Lakini ahadi ilikuwa kuvuliwa nguo, na bado ilibaki moja. Alitembea mpaka getini, akasimama kwa ndani, akalishika geti la chuma, akaligonga taratibu kwa kijiko.

"Fausti," aliita, na sauti sasa haikuwa kubwa. "Nifungulie, mwanangu. Ndege wanamaliza."

Kicheko kikafa kama moto uliomwagiwa maji. Kila mtu wa pale mtaani alikuwa anajua, na habari ilikwisha kufika Mchombe. Mara tatu bibi yule alikamatwa anatembea kwa miguu kuelekea njia ya Mlimba, khanga moja kiunoni, anakwenda kuamia mpunga ambao hakuupanda yeye tena. Baada ya mara ya tatu geti lilitiwa kufuli. Wasifu uliita kupumzika.

Verediana alirudi mbele, akashusha mkono wenye sinia, akasubiri. Utani ni wa watu wawili. Mtani akisema, mwenye msiba anamrudishia, hapo msiba umepoa. Asipojibiwa, basi hakutania mtu, ametukana maiti mbele ya watoto wake, na jina hilo atakwenda nalo Mchombe na atazikwa nalo. Alijua hivyo alipokuwa anatembea kwenda getini. Viongozi walitazama viatu vyao. Fidelis alijipangusa shati. Gasper alipeleka mkono kwenye spika ili aweke wimbo, na Mashimba, ambaye hakuna aliyemwona akija, aliushika mkono ule na kuurudisha mahali pake. Alimwambia kijana, subiri wenye nyumba.

Faustin alisimama. Aliangaza macho kuelekea getini, watu wakafikiri anatafuta walinzi.

"Mama Anselim," alimwita Verediana kwa jina la mwanawe, na sauti ilikwaruza. "Mama alisema shamba lako halikuhitaji kuamiwa."

"Alisemaje?"

"Alisema ndege wakichoka kufukuzwa kwake, walihamia kwako kulala. Alisema sauti yako inawabembeleza. Alisema mwaka wa mvua kubwa ulivuna ungo mmoja, na huo ungo ulikuwa wake."

Pale nyuma mtu akasema ni kweli, ungo ulikuwa wake.

"Basi nifukuze wewe, kama una sauti," alisema Verediana.

Faustin alitazama wakubwa wake wa kazi. Halafu akaacha kuwatazama. Alivuta pumzi, akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa cha ofisini.

"Hoo! Hoo! Wee Verediana! Toka kwenye mpunga wa mama yangu!"

Ilivuka ukuta. Bodaboda nje alifunga breki, akachungulia getini kuona nani anauawa. Sauti ilikuwa ile ile, yenye kukatika mwishoni kama fimbo, na Faustin alipoisikia ikitoka kwake alishika meza. Mke wa kiongozi alicheka wazi safari hii, machozi yanamtiririka na wanja umeharibika. Fidelis alicheka. Mchombe wakapiga vigelegele.

Ilikuwa zamu ya Verediana kurudisha. Alikuwa nayo tayari, nzuri, kali, inahusu kipaimara cha Faustin na alichokifanya ndani ya suruali nyeupe. Aliivuta, ikafika kooni, ikagoma. Badala yake alilia. Alilia amesimama, na sinia mkononi, midomo bado imevutwa ndani, mtu mzima analia kwa uso wa marehemu.

Mtani halii. Ni aibu kubwa, ni kama hakimu kuomba msamaha kwa mwizi. Fidelis, ambaye alikuwa anangoja kulipiza tangu soda, alisimama akatoa hukumu papo hapo: mtani aliyelia aoshe masufuria yote, ya wali na ya nyama, na asisaidiwe na mtu. Watu wakaitikia. Mashimba aliitikia kuliko wote, halafu akampelekea majivu ya kusugulia.

Jua liliposhuka upande wa mto, wageni wenye magari walikuwa wameondoka. Verediana alikaa bombani nyuma ya nyumba, amezungukwa na masufuria makubwa ya kukodi, anasugua ukoko. Faustin alikuja, hana koti, ameshika glasi ya maziwa ya Mashimba. Alisimama pale kwanza kama mtu aliyetumwa. Alisema geti lile alilifunga kwa kuogopa magari. Verediana alisema anajua. Faustin alisema kwamba angeweza kumpeleka Mchombe hata mara moja, Jumamosi, kuna gari. Verediana alisema na hilo pia anajua, akaendelea kusugua.

"Kule dunguni," alisema Faustin, "alikuwa anasema nini juu yangu?"

Verediana aligeuza sufuria, akalimwagia maji, akaangalia kama limetakata.

"Pindua hiyo ndoo ukae," alisema. "Nitaanza na mabaya. Ni mengi, na jioni fupi."

Faustin akapindua ndoo, akakaa na suruali yake ya suti kwenye maji ya masizi.