Kuku Watatu na Mguu wa Mama

Fundi cherehani alimbana kuku mwekundu kwapani, akamtumbukiza mguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akangoja kigaga kilainike. Chini ya wayo palikuwa na uvimbe wenye doa jeusi katikati. Alikibandua kigaga kwa kibano, akakamua usaha mgumu kama kiini cha yai lililochemshwa, akapaka dawa, akafunga kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare za wanafunzi. Kuku akaondoka na soksi yake ya buluu, anaringa.

Alipomaliza wa pili, mama yake, aliyefariki mwaka juzi, alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya kuku wa tatu, kiatu kimoja mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmalize huyo kwanza, amenitangulia."

Fundi alimmaliza, akabadilisha maji. Mama akatia mguu. Kidonda kilikuwa palepale chini ya kidole gumba, kile walichokiita sugu ya kawaida tu mpaka kikamuua.

"Kumbe una mkono mwepesi," mama akasema. "Sikujua."

Fundi aliinamia kazi. Alikamua usaha, akafuta. Ukatoka tena, kama vile haujapata habari kwamba mwenyewe alishazikwa.

Kaka yake akaingia na nyundo. Nyumbani wanamwita Meneja kwa sababu kila kazi huwagawia wengine. Alikuwa amepigiwa simu mchana ule kwamba mti wa kulalia kuku uko juu mno, na kila asubuhi wanarukia saruji kavu na kuumiza nyayo. Jua lilikuwa halijazama, naye ameshafika.

"Kumbe ukiitwa unakuja," mama akasema.

"Kuku walikuwa na hali mbaya, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Meneja aliutazama ule mguu, kisha akamgeukia dada yake. "Kwani wewe hukumpeleka hospitali?"

"Si ulisema utampeleka?"

"Nilisema ukishindwa wewe."

"Nami nikajua umeshampeleka."

"Jamani, taratibu," mama akasema. "Mnawatia kuku presha."

Meneja aliushusha mti mpaka usawa wa goti, akamwaga maranda ya mbao sakafuni, akayabonyeza kwa kiganja kuona kama ni laini ya kutosha. Akaongeza debe zima. Mama alimsifu. Alisema hajawahi kumwona akifanya kazi vizuri hivyo, na hakuwa anamsimanga, ndivyo ilivyokuwa.

Fundi akafunga bandeji ya buluu. "Mguu huu unataka daktari," akasema.

"Tena haraka," Meneja akakubali. "Ila wiki hii nimebanwa."

"Na mimi nina sare za shule nzima."

Mama alijaribu kiatu. Hakikupita juu ya bandeji, akakishika tena. "Hamna neno, wanangu. Siku hizi wala hauumi."

Wakakubali, maana ilikuwa rahisi kukubali. Fundi alimwambia arudi keshokutwa pamoja na wagonjwa wengine, abadilishwe bandeji.

"Nitakuja," akasema.

Akauvuka ua akikanyagia kisigino, na watoto wake wawili wakamsindikiza kwa macho mpaka getini, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye atakayekwenda kumshika mkono.