Dakika Tisa za Kimya

Tangu alfajiri tepu ilikuwa inaokwa jikoni kwa Lyle Hokanson, ndani ya mashine anayokaushia nyama ya kulungu kila msimu wa kuwinda, na Marit Engstrand alikuwa hajaweza kumeza hata funda moja la kahawa.

"Bado muda gani?" aliuliza.

"Umeniuliza sasa hivi," Lyle alimjibu. "Umekuja kuoka tepu au umekuja kuzaa? Kaa chini bwana, unanichosha macho."

Marit akakaa. Akasimama tena.

Tepu za zamani ndivyo zilivyo. Gundi yake hunyonya unyevu miaka na miaka, na siku ukiicheza inanata, inamenyeka, sauti yote inabanduka na kubaki kwenye kichwa cha mashine inayoichezesha, kama masizi ya sufuria. Ukiioka kwa muda wa saa nane, kwa joto la taratibu, inakubali kwa muda. Hii ilikuwa na msiba zaidi, kwa kuwa ilikuwa imelala katika chumba cha chini cha nyumba ya Marit, na Mto Rock ulikuwa umefurika na kuingia humo mara mbili. Lyle, ambaye siku hizi anaishi kwa kutengeneza vyombo vya muziki, aliinusa, akaigeuzageuza, akasema itakubali mara moja. Mara ya pili asiulizwe.

Bendi yao iliitwa Taa ya Barazani. Watu watatu tu: Lyle kwenye ngoma, Marit kwenye gita la besi, na Rado Ingrassia kwenye gita na sauti. Miaka mitatu hapo Rockford walipiga kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu, mbele ya vijana arobaini waliovaa sweta za kubana na kulia machozi hadharani bila haya. Kazi zao zote, ukizikusanya, hazijazi hata kiganja: kaseti moja ya majaribio, santuri ndogo ya nyimbo mbili, albamu moja, na nyimbo tano za mwisho, zile za tepu hii, ambazo hazikutoka kamwe kwa sababu waligombana wiki ileile ya kurekodi. Ikawa basi. Marit akaenda kuendesha basi la shule, Rado akarudi kwenye duka la vigae la baba yake.

Sasa ajabu ya Mungu, miaka kumi na mitatu baadaye, watoto waliokuwa kwenye nepi wakati ule wakaanza kuitafuta Taa ya Barazani kwa udi na uvumba. Kampuni moja ndogo ya Chicago ikaandika barua: tunataka kutoa kila kitu mlichowahi kurekodi, kwenye santuri, kwenye jalada moja. Lyle aliisoma barua hiyo mara nne akicheka.

Lakini Marit hakukosa usingizi kwa ajili ya kampuni. Alikosa usingizi kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa.

Rado aliugua saratani ya koo binti yake Fern akiwa na miezi minne. Madaktari walimkata, wakamwokoa, sauti ikaenda. Tangu siku hiyo anabandika kifaa kidogo shingoni na kuongea kwa mlio wa mashine ya kunyolea, na akicheka mabega hutikisika tu, hakitoki kitu. Mtoto akakua akitaka kujua baba yake alikuwa na sauti gani. Akasikilizishwa kaseti, santuri na albamu. Tatizo, jamani, Rado hakuwa akiimba. Rado alikuwa akipiga mayowe! Wimbo wa kwanza hadi wa mwisho ni mayowe matupu, na ndiyo iliyokuwa sifa yake. Fern alisikiliza yote kwa adabu, kisha akasema, "Hii siyo sauti ya baba. Hii ni sauti ya mtu aliyebanwa vidole na mlango."

Wiki tatu zilizopita Rado aliwaandikia wenzake. Siku ile mlipoondoka studio mmenuna, aliandika, nilibaki na fundi nikarekodi wimbo mmoja peke yangu, taratibu, bila kelele. Fundi aliacha tepu itembee kimya dakika tisa baada ya wimbo wa tano, ndipo akauweka. Ndio wimbo pekee ninaoimba kama binadamu. Nataka Fern ausikie.

Kuficha wimbo nyuma ya kimya kirefu ilikuwa desturi ya bendi zote za wakati ule. Ukiweka diski, nyimbo zikiisha, hukuinuka. Ulilala sakafuni na wenzako, mkasubiri. Marit mwenyewe alikuwa bingwa wa kusubiri, akiwatukana walioinuka mapema. Ndiyo maana aliposoma barua ya Rado alikaa sakafuni palepale jikoni kwake.

Kwa sababu majira ya baridi ya mwaka wa pili baada ya ugomvi, alipokuwa hana tepu mpya na roho inamwuma, aliitoa ile tepu, ambayo fundi alikuwa amempa aihifadhi. Akasikiliza nyimbo tano. Kikaja kimya. Akasubiri labda dakika moja, akajiambia, ah, hapa hakuna kitu. Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akapiga besi juu yake. Mashine za tepu zikirekodi zinafuta kilichokuwapo. Na alipiga kwa muda gani? Hakumbuki. Ameifinya kumbukumbu yake wiki tatu nzima na haikutoa kitu.

Hakumwambia mtu. Kila alipoinua simu aliirudisha mezani.

Saa nane mchana Lyle akaitoa tepu, akaiacha ipoe juu ya meza, nyumba nzima ikinuka pilipili na nyama kavu. Haikupita muda mlango ukagongwa. Fern aliingia wa kwanza, koti limefungwa vifungo vya kombo, mkononi mfuko wa vipande vya jibini vya kukaanga.

"Hiyo ndiyo yenyewe?" aliuliza. "Inanuka chakula."

"Ukiilamba utakufa," Lyle alisema.

"Mbona wewe unakula nyama ya humo na hujafa?"

"Mimi nilishaoza zamani, mwanangu. Keti."

Rado alimkumbatia Marit. Alikuwa amechana nywele na kuvaa shati la harusi na mazishi. Akabandika kifaa shingoni. "Sijalala," kilisema kifaa.

"Hata mimi," alisema Marit, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Lyle akaunganisha mashine na kompyuta, akapangusa kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, akavuta pumzi, akabonyeza. Tepu ikazunguka. Ngoma zikapasuka, na Rado wa miaka ishirini na mbili akaanza mayowe. Fern akaziba masikio akicheka. Nyimbo tano, dakika ishirini. Unga wa kahawia ulikuwa unadondoka mezani kidogokidogo, Lyle akiuangalia kama mtu anayeangalia damu yake. Wimbo wa tano ukaisha. Kikaja kimya.

"Sasa tunasubiri," Lyle alisema. "Tisa. Nani ana saa?"

"Mimi!" Fern akaivua saa yake ya plastiki, akaiweka magotini.

Dakika ya kwanza ikaanza. Marit aliwatazama wale wawili, baba na mtoto wameinamia saa moja. Akaona bora aaibike sasa kuliko kuumbuliwa na mashine.

"Rado," alisema. "Nisikilize. Nimefanya jambo baya. Nilirekodi juu ya tepu hii. Miaka ile, baada ya ugomvi. Nilisikia kimya nikadhani imeisha. Nilipiga besi. Sijui kwa muda gani. Huenda nimeufuta wimbo wako."

Lyle akageuka. "Marit! Unasema nini wewe?"

"Sikujua kuna wimbo!"

"Wewe? Wewe uliyekuwa ukitulaza sakafuni tusubiri mpaka mgongo unauma, wewe ndiye hukusubiri?"

Rado alikuwa ameinua mkono wenye kifaa nusu ya njia kuelekea shingoni, akausahau hapo. Uso wake ulimwiva. Alipokibandika, kifaa kilisema maneno mawili tu: "Wiki tatu."

"Najua."

"Wiki tatu umejua. Nimemwahidi mtoto."

"Najua, Rado. Niliogopa. Nisamehe." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujishughulisha kuyafuta.

Ikasikika tak! kwenye spika, kisha besi ikaanza.

Ilikuwa besi peke yake, nzito, ya mtu mwenye majonzi, inazunguka noti nne zilezile. Marit aliitambua na kutamani ardhi immeze. Fern alitazama saa yake, kisha akamtazama Marit kwa udadisi.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa na huzuni."

"Nilikuwa nawakumbuka sana baba yako na huyu mwenye ndevu."

Dakika ya nne. Ya tano. Besi inaendelea tu, haina habari. Ya sita. Rado alikuwa amefumba macho. Marit alimwomba yule msichana wa zamani aache, aache sasa, mshenzi we, weka gita chini! Dakika ya saba, ndani ya tepu, simu ikalia. Besi ikakatika. Sauti ya Marit mchanga ikasema, "Nani tena huyo," zikasikika hatua, na tak.

Kimya.

"Saba na nusu," Fern alinong'ona.

Kichwa cha mashine kilikuwa kimeanza kulia kwa uchafu. Lyle alikuwa na pamba mkononi lakini hakuthubutu kusimamisha, ikisimama itanata. "Twende, mama, twende," aliibembeleza mashine. Nane. Nane na nusu. Tisa ikafika, ikapita, na Marit akainamisha kichwa.

"Saa yangu huwa mbele," Fern alisema haraka.

Ndipo mtu akacheka.

Kilikuwa kicheko cha chinichini, kizito, cha kijana aliyechoka na bado anaona dunia inachekesha. Kilijaa jiko lote. "Inatembea?" sauti ilimwuliza fundi. "Haya. Marit kaondoka na besi yake, Lyle kamfuata. Kwa hiyo leo mnanipata mimi tu, mnivumilie." Akacheka tena. Halafu akaimba, polepole, sauti yenye mikwaruzo kidogo, akimwimbia mtu ambaye hajamjua bado amwachie taa ikiwaka. Dakika tatu. Halikukosekana hata neno moja. Tepu ilipofika mwisho ikachomoka ikapigapiga mezani, na Lyle akaizima, akakagua kompyuta, akaiona sauti yote imeingia salama. Akajipangusa macho kwa pamba ya spiriti, akapiga kelele kwa jinsi ilivyomchoma.

Rado akanyoosha mkono, akamshika Marit bega. Kisha akabandika kifaa. "Waambie Chicago," kilisema, "wasikate kitu. Kimya, besi, simu, vyote."

"Na besi yangu mbaya?"

"Besi ndiyo iliyokosekana siku ile."

Lyle alisema anadhani siku ile waliondoka studio kwa ugomvi wa nani alikula mkate wa nani, na Rado akaanza kucheka. Mabega yalitikisika, mdomo wazi, bila sauti, kama siku zote. Fern alimtazama. Hakucheka naye. Alisogea karibu, akaushika uso wa baba yake kwa mikono miwili yenye mafuta ya jibini.

"Endelea," alimwambia. "Sasa nakusikia."