Yaliyotulia Ndani ya Sufuria

Alhamisi saa tatu asubuhi Kaltumu aliketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Nengo, karibu na mpaka, akisugua vyombo kwa majivu. Alikuwa na miaka sabini na minane. Masikio yake yalianza kufa miaka sita nyuma, la kushoto kwanza, la kulia likafuata bila haraka. Maneno aliyoambiwa akashindwa kuyasikia hayakupotea. Yaliingia kwenye chombo kilichokuwa karibu naye, na siku alipokiosha yalitoka, kila neno kwa sauti ya mwenyewe, naye akayapata yote, maana maneno ya ndani ya chombo hayahitaji sikio zima.

Mara nyingi yalikuwa mambo madogo. Kikombe kilimwambia chumvi imekwisha. Sahani ilimwambia ajifunike, kuna baridi. Mkwewe Isimbi, mke wa mwanawe, alilalamika tu kwamba vyombo vinazidi sauti ya redio. Jirani yao Sibomana hakuona ajabu. Maneno aliyoambiwa mama yake mwenyewe, alisema, yalikuwa yakiingia kwenye godoro, nao walilazimika kuligeuza kila mwezi.

Ubaya ulianzia hapo. Watu walipojua kwamba vyombo vitamfikishia, waliacha kumgeukia. Walimsemea mgongoni, wakaenda zao. Naye, kwa adabu, na kwa aibu ya kuuliza mara ya tatu, alimjibu kila mtu "alhamdulillah", kwa sababu mzee aghalabu huulizwa hali.

Ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, Nasrine. Siku walipoosha maiti ya mama yao waliahidiana kwamba atakayebaki atamwosha mwenzake kwa mikono yake, asiguswe na mgeni. Kila Alhamisi Kaltumu alipika isombe, mboga ya majani ya muhogo, na kumpa Vestine ampelekee, mchuuzi wa nyanya anayevuka mpaka kila siku pale Petite Barrière. Nasrine alirudisha bakuli lina sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwani, maana chombo cha watu hakirudi kitupu. Kwa miezi mitatu sasa lilikuwa linarudi tupu. Kaltumu alidhani mdogo wake amenuna, akawa anazidisha mafuta kwenye isombe ili kumlainisha.

Siku hiyo walitarajia wageni, akaiteremsha sufuria kubwa ya pilau, ambayo ilikuwa haijaondoka kwenye msumari wake tangu iliposuguliwa baada ya Idi. Akaitia maji, akazungusha mkono. Ikatoka sauti ya mwanawe, Mudathiru.

"Mama, mama mudogo Nasrine amekufa asubuhi. Tunaenda kumuzika. We utakuja?"

Ikafuata ya Isimbi. "Amesema alhamdulillah. Ona subira yake. Bon, tumuache apumuzike."

Kaltumu aliuacha mkono ndani ya maji. Alilia, na kilio chake mwenyewe hakukisikia.

Saa nne Vestine alikuja kuchukua bakuli. Kaltumu alimshika kifundo cha mkono, akamuuliza nani anayekula isombe. Vestine alikuwa mtu wa kweli akiulizwa; akasogeza mdomo karibu.

"Ni watoto wangu, mama. Niliona we unapenda kupika."

Mchana Mudathiru alirudi kula. Alipomaliza, mama yake alimwita jikoni; akaja na sahani yake, akaiweka chini, na mama akaisugua tena sufuria mbele yake, nayo ikarudia yote. Mudathiru alisikiliza hadi mwisho na uso ukamlegea kwa nafuu, kwa kuwa mtaani walikuwa wameanza kusema kwamba alimficha mama yake msiba. Akamwita Isimbi naye asikie, kisha akamsemea mama yake sikioni.

"Si unasikia, mama? Tulikuambia."

Kaltumu hakubishana naye. Sufuria haikusema uongo. Alikuwa na swali moja tu.

"Nani alimuosha?"

Mudathiru alikuwa ameshainama kufunga kamba za viatu. Alijibu akitazama sakafu, akatoka, na jibu likaingia kwenye sahani aliyolia chakula. Kaltumu aliiokota, akaimwagia maji.

"Walikungojea we mupaka saa kumi. Mi niliwaambia mama amekaa na subira yake. Donc wakaita wanawake wa mutaa."

Kaltumu hakujua hao wanawake ni akina nani, wala kama maji yalikuwa ya vuguvugu, na Nasrine tangu utotoni alichukia maji baridi. Sahani ilikuwa bado mkononi mwa Kaltumu, Isimbi alipopita nyuma yake na kumwambia jambo bila kusimama, nalo likaingia humo.