Barabara Iliyopita Kwenye Korido

Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, mbunge alikuwa mezani akipaka siagi kwenye kipande cha pili cha mkate, kwa kile kisu chenye mpini wa mbao ulioungua kidogo, mkewe aliporudi kutoka korido na kusema kwamba barabara imepita.

"Imepita wapi?"

"Hapa kwetu. Kati ya sebule na chumba cha mama. Maliza chai yako kwanza, haiendi popote."

Mbunge akamaliza chai, akapangusa mdomo, akafungua mlango wa korido. Korido yao ilikuwa ya hatua tisa, sakafu nyekundu inayosuguliwa nta kila Jumamosi, na picha ya harusi ukutani. Sasa ilikuwa barabara kuu ya njia nne, lami yake bado inanukia. Malori ya saruji yalitokea upande wa picha ya harusi na kupotelea upande wa kabati la mashuka, na mengine yakaja kinyume. Hakuna lililopunguza mwendo. Picha ya harusi ilitikisika kidogo kila moja lilipopita, lakini haikuanguka.

Ng'ambo, kwenye mlango wa chumba chake, mama yake alikuwa amesimama na sweta yake ya kijivu, mkongojo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niko hapa tangu alfajiri nangoja nafasi nije kunywa chai. Nilishusha mguu mmoja, nikaurudisha."

"Usivuke, mama."

"Nani kasema navuka? Nimekwambia niliurudisha."

Tatizo lilikuwa kwamba jiko lilibaki upande huu na bafu likabaki upande ule. Mke wa mbunge hakuwa mtu wa kukaa akashika tama. Kabla ya saa tatu alikuwa amefunga kamba ya kuanikia nguo kutoka bawaba ya mlango wa sebule hadi bawaba ya mlango wa mama mkwe wake, ambaye aliidaka ncha ya kamba mara ya nne, na kwenye kamba ile akaning'iniza kikapu. Kikapu cha kwanza, chenye chai na vidonge vya presha, kilichukuliwa na lori refu. Cha pili kilifika, chai imepoa. Kisha akachukua ndoo, taulo na sabuni, akaenda kuoga kwa jirani.

"Na wewe baba watoto," alisema akiwa mlangoni, "si ndiyo mambo yenu haya ya barabara? Uliza basi huko kwenu."

Mbunge akauliza. Saa nne akaja mhandisi, mtu mpole mwenye buti safi, akapangusa miguu kwenye zulia la mlangoni, akapima upana wa njia na unene wa mistari.

"Iko sawasawa, Mheshimiwa. Haijakosea hata sentimita."

"Lakini hakuna mahali pa kuvukia."

"Hakuna, ndiyo." Mhandisi akatoa kwenye mkoba rasimu ya sera ya taifa ya usafiri, akailaza juu ya meza na kufungua ukurasa wa themanini na nane. "Ili magari yasicheleweshwe, vivuko vyote vya waendao kwa miguu kwenye barabara kuu vitaondolewa. Na hizi hapa chini ni herufi za jina lako."

Zilikuwa herufi zake kweli, ile ya pili ina mkia mrefu.

Kamati ya usafiri, ambayo mbunge alikuwa mjumbe wake, ilikuwa na utaratibu wake. Rasimu ilikuwa na kurasa mia mbili na kumi, na hakuna mjumbe aliyekuwa na muda wa kurasa mia mbili na kumi, kwa hiyo kila mmoja alipewa sura yake. Mwenye sura akishatia herufi kila ukurasa, wenzake walitia sahihi kwa kumwamini, bila kufungua. Mbunge alipewa sura ya sita. Alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akiwa kwenye chumba cha hoteli ya semina, runinga inaonyesha mpira. Kurasa za katikati alizifunua kwa kidole gumba kilicholowa mate na kutia herufi huku macho yakiwa kwenye mpira, na kazi ikaisha kabla ya mapumziko. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Magazeti yalikuwa yanamwita Darubini, tangu mwaka ule alipogundua kwenye mchoro wa daraja kwamba ncha moja inaishia majini. Mama yake alilikata lile gazeti, akalikunja mara nne na kulitia kwenye mkoba wake pamoja na kadi ya kliniki.

"Hii ya kwako ni ya mfano tu," mhandisi alisema. "Kamati ikithibitisha Alhamisi, tunaanza nchi nzima."

"Na sura ikitakiwa kufunguliwa upya?"

"Anaifungua mwenyewe aliyepewa. Anasimama mbele ya wenzake anasema hakuisoma. Basi, inarudi mezani." Mhandisi alisema hivyo bila ubaya wowote, akaomba maji ya kunywa, akashukuru, akaondoka.

Jumanne mama aliomba atumiwe hiyo sura kwenye kikapu. Aliishia darasa la nne, lakini alisoma kila kilichofika mikononi mwake, hata karatasi za ndani ya maboksi ya dawa. Mbunge alikaa upande wa sebule akamwona ng'ambo kwenye kiti chake, miwani puani, kidole kinafuata mstari, midomo inacheza. Alisoma kutwa. Akifika mwisho wa ukurasa alinyamaza kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujieleza, ndipo akafunua. Jumatano alasiri akafika ukurasa wa themanini na nane. Akausoma mara tatu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akangoja malori mawili yapite.

"Mwanangu. Hapa ulipotia herufi zako, ulisoma?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Barabara ilikuwa tupu kwa muda wa pumzi tatu, na sauti ingefika. Lakini mama alikuwa ameushika mkoba wake mapajani, na mbunge alijua ndani yake mna nini.

"Nilisoma, mama. Yote."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Haya. Kama ulisoma, basi una sababu zako."

Usiku kucha aliyapima maneno hayo. Kama alisoma, basi alimfungia mama yake ng'ambo kwa kusudi. Kama hakusoma, basi ni mwongo. Alijigeuza ubavu huu na ule, na kila alipogeuka mkewe alivuta shuka lake.

Alhamisi kamati ilikaa, na matangazo yakaenda moja kwa moja redioni. Kabla ya kuanza, mbunge alimvuta mwenyekiti pembeni, karibu na meza ya birika la chai.

"Mzee, kwangu barabara imepita ndani ya nyumba. Mama yangu hawezi kuvuka."

"Pole," mwenyekiti alisema, akikoroga sukari. "Mimi nilipewa sura ya reli. Treni ya saa kumi na moja inapita kati ya kitanda na kabati tangu mwezi uliopita. Mwanzoni mke wangu alinuna, sasa tunaamkia hiyo hiyo. Na yule mwenzetu wa viwanja vya ndege, umeona anavyoinama kila akiingia mlangoni? Amezoea hivyo kwake. Mtu huzoea, Darubini."

Walikaa. Sura ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Ilipofika ya sita, mwenyekiti akauliza kama mwenye sura ana neno. Mbunge akasimama. Neno lilikuwa tayari, limekaa juu ya ulimi. Wajumbe kumi na mmoja walimtazama kwa heshima, na taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "napendekeza mistari ya barabara ipakwe rangi inayong'aa."

Wajumbe wakagonga meza. Mmoja alisema ndiyo maana anaitwa Darubini. Pendekezo likaingizwa, sura ikathibitishwa, na mbunge akakaa, akajimiminia maji kwenye glasi iliyokuwa imejaa tayari, yakamwagikia rasimu.

Aliporudi nyumbani mafundi walikuwa wameshapita. Mistari ya korido iling'aa hadi dari ikawa nyeupe. Mkewe alikuwa anavuta kikapu kitupu.

"Mama kasikiliza redio yote," alisema. "Nenda ukamsalimie."

Mbunge akaenda mlangoni. Mama hakuwa peke yake. Nyuma yake, ndani ya chumba na kando ya kitanda, walikuwa wamesimama watu waliotaka kuvuka: mwanamke aliyebeba beseni la nyanya kichwani, mzee mwenye baiskeli, mjamzito aliyeshika faili la hospitali, na watoto wa shule kama ishirini, mabegi mgongoni, wawili wawili. Wengine walikuwa bado wanaingia kupitia dirisha, wakivua viatu kwanza wasichafue. Mama alikuwa anawagawia maji kwa kikombe chake kimoja.

"Nimekusikia," aliita. "Hukutetemeka hata kidogo." Kisha akawageukia wageni wake. "Yule pale ndiye mwanangu. Alisoma yote."

Watu wale wakamtazama mbunge bila kinyongo. Watoto wakajipanga vizuri, wakasema kwa pamoja kama walivyofundishwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba," mbunge alijibu, akainua mkono. Lori la saruji likapita, likafuatwa na jingine, na yeye akabaki pale mlangoni mkono uko juu, kama mjumbe anayengoja kupewa nafasi ya kusema.