Kadi Tatu Zisizo na Tundu

Majira yale ya baridi, abiria pekee aliyepanda treni ya kwanza kila siku bila kukosa alikuwa mafua, na nauli hakulipa. Aliingia kituo cha mwanzo huko juu Maryland, akajikalia dirishani, akateremka Washington na mizigo yake yote. Wengine walibaki makwao wakikohoa. Konda wa treni hiyo, Hodari, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na akakataa katakata kukisahau, aliapa kwamba asubuhi moja ya Februari alijikagua tiketi yeye mwenyewe ili mkono usije ukasahau kazi.

Machi ya mwaka tisini na nane, hesabu zikamfikia Chelagat.

Chelagat alikuwa karani wa bajeti wa shirika la treni, ofisi yake ghorofa ya tatu, Rockville, juu ya duka la mazulia. Kazi yenyewe ilikuwa ya mkataba, na mkataba ulikuwa ukiisha Juni. Meneja wake, Ethan, kijana mpole aliyekuwa akitafuna karoti mbichi mezani tangu asubuhi hadi jioni, alimwekea karatasi mbele akamweleza hali. Nauli zimeporomoka. Kaunti zimekataa kuongeza hata senti. Kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, lazima treni moja ifutwe. Aichague yeye.

Hakukuwa na la kuchagua. Treni ya kwanza, ile ya saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, kabla ya mafua ilibeba watu sabini na kitu. Sasa ilibeba kumi na mmoja ndani ya mabehewa manne. Ukipiga chafya behewa la mbele, aliye nyuma hana habari ya kukuombea afya. Chelagat aliiandika kwenye orodha ya kufutwa, lakini kwa penseli. Miaka sita alikuwa ameipanda treni hiyohiyo, akienda kuogesha wazee wa watu na kuwakorogea uji, kitabu cha uhasibu kikiwa magotini. Alijua kwamba saa hiyo hakuna basi linaloenda upande ule. Mama wa zamu ya asubuhi akiikosa treni, ameikosa zamu. Akiikosa zamu mara tatu, ajitafutie kazi nyingine.

Shirika lilikuwa na utaratibu mmoja: treni haifutwi kabla konda hajahesabu abiria wake mara moja ya mwisho, mbele ya mtu wa bajeti. Siku ikapangwa, Jumanne ya pili ya Aprili.

Hapo ndipo Chelagat alipokosea. Jumapili, baada ya ibada ya ushirika wao wa watu wa Afrika Mashariki, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa walilokodi Langley Park, alimwambia mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa Domina, mama wa Bukoba mwenye miaka hamsini na minane, ambaye zamani alikuwa akiketi naye kiti kimoja katika treni ile.

"Kwa hiyo wanatuulia treni," Domina alisema.

"Ni hesabu, mama. Sina ninavyoweza kuzipinda."

Domina alifunika chupa ya chai polepole. "Jumanne ipi, umesema?"

Kuna kitu ambacho watu wa ushirika ule walikijua kuliko wote waliopata kukanyaga Maryland, nacho ni kufika. Mtu akifiwa, nyumba yake ilijaa hadi ngazini, na nusu ya waliojaa hawakuwahi kumwona marehemu hata kwa picha. Mmoja atakuwa aliwahi kuazimwa sufuria na shemeji wa marehemu. Anakuja na mchele, anakaa, anaimba. Basi Jumanne ile treni ikachukuliwa kama iliyofiwa.

Chelagat alipoingia behewani alfajiri, karatasi yake ya hesabu mkononi, alidhani amekosea treni. Wanaume walikuwa wamevaa suti. Akina mama walikuwa na vilemba vya Pasaka. Chapati zilishaanza kuzunguka, na kwaya nzima ilikuwa imebanana karibu na choo, sauti ya kwanza upande huu na sauti ya pili upande ule. Wanasema behewa la tatu lililemewa hadi likainamia upande wa wale wa besi. Hilo si lazima uliamini. La Kibet, mmoja wa washirika, liamini: alitoka Herndon, Virginia, saa tisa na nusu usiku, akavuka mto kuja kupanda treni ya jimbo la watu wengine.

"Madam," alimwita Chelagat kwa sauti ya chini, "kwani hii gari inaenda wapi?"

"Washington."

"Sawa. Na inarudi saa ngapi?"

"Jioni."

"Jioni." Kibet aliangalia saa yake, kisha suti yake. "Hiyo hatukuambiwa. Mimi nimechukua ofu ya masaa mawili tu."

Hodari alikuwa akipita na kidude chake cha kuhesabia, akikibonyeza kila kichwa. Alipofika hapo aliinama kidogo. "Ndugu, garimoshi hili asubuhi huenda tu. Kurejea, itakulazimu ushuke chini ya ardhi ukapande treni za mji."

"Huyu anaongea kama redio ya taifa," Kibet alisema.

Hodari alichukua hilo kama sifa, akageukia kiti cha nyuma. "Shikamoo, mama Domina."

"Marahaba, baba. Ingawa mimi na wewe tunalingana."

"Adabu haiulizi cheti cha kuzaliwa." Alibonyeza kidude mara ya mwisho, akamwonyesha Chelagat. Tisini na tatu. "Wote wana tiketi halali. Mimi nahesabu vichwa, nia sihesabu."

Chelagat aliketi kando ya Domina. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, ile ya mtu anayepewa zawadi asijue ataiweka wapi.

"Mama, hawa si abiria."

"Leo ni abiria."

"Na kesho? Septemba watahesabu tena, watakuta kumi na watano. Watasema tuliwadanganya, na watasema kweli. Ile Januari ndiyo iliyotumaliza. Mlikuwa wapi?"

Domina alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Tulikuwa kazini."

"Kazini mnafika kwa treni hii."

"Ukishafika ukazuiwa kutoka, treni utaipandia nini? Mlezi wa usiku kaumwa. Wa wikendi kaumwa. Familia ya mzee inanibembeleza, mama, lala leo tu. Leo tu ikawa miezi mitatu, mwanangu. Nimelala kwenye kochi la yule mzee mpaka likachukua umbo langu. Jepkosgei wa kwaya naye kalala hospitalini, kwenye chumba cha kufulia. Wote ni hivyo hivyo. Wazee wameumwa, sasa nani akae nao? Nyinyi mmeona viti vitupu, mkasema hawa hawaitaki treni."

Alifungua mkoba, akatoa Biblia, na ndani yake kadi tatu za mwezi. Kadi za shirika lile zilikuwa na vijumba thelathini na kimoja, na konda hutoboa kimoja kila siku unaposafiri. Januari, Februari, Machi. Hakuna hata kijumba kimoja kilichotobolewa.

Chelagat alizigeuza. "Ulizilipia?"

"Kwa posta. Naletewa palepale kwa mzee."

"Na husafiri."

"Kila mwisho wa mwezi nilisema mwezi ujao nalala kwangu. Sasa ningesema hivyo bila kadi, ningekuwa namdanganya nani?"

Kwaya ilikuwa imeanza wimbo. Chelagat hakusikia hata ubeti. Alikuwa akiwaza daftari moja ambalo ofisi yao haikulifungua kamwe, la mauzo ya posta. Fedha za posta ziliingia kwa mkupuo kwa njia nzima ya reli, na hakuna aliyewahi kuuliza ni za kituo gani.

Mchana aliliomba. Alasiri alikuwa mbele ya Ethan, ambaye alishaiona tisini na tatu na alikuwa akitabasamu na karoti mdomoni. Kwa namba hiyo, alisema, treni imepona. Wafute nyingine.

Ilikuwa rahisi hivyo. Anyamaze tu, aende nyumbani. Chelagat alifikiria Septemba, na Hodari akipita na kidude chake katika mabehewa yenye watu wanaojua kwamba walishaitwa waongo mara moja.

"Hiyo usiitumie," alisema. "Hao ni watu wa kanisa langu. Mmoja alitoka Virginia."

Ethan aliacha kutafuna.

Kabla hajauliza lolote, Chelagat alilifungua daftari na kuweka juu yake zile kadi tatu, alizoazimwa na Domina. Kadi zilizouzwa kwa posta kwa vituo vya treni ya kwanza: Januari hamsini na nane, Februari hamsini na saba, Machi hamsini na saba. Waliohesabiwa ndani: kumi na mmoja. Fedha za watu hao ziliingia kila mwezi, na viti vyao vilikuwa vikisafiri peke yavyo.

Ethan alizishika kadi juujuu, kwa ncha za vidole. "Nani hulipia kiti asichokikalia miezi mitatu?"

"Mtu anayekusudia kurudi kwake."

Alizirudisha kadi mezani, moja moja. Kisha akasema kwamba fedha bado hazitoshi, na hilo nalo lilikuwa kweli. Wakakaa na penseli hadi jua likatua kwenye maegesho. Treni ya kwanza ikabaki hadi Krismasi, lakini mabehewa mawili yakakatwa, na aliyeyapigia mstari ni Chelagat kwa mkono wake. Kuhusu mkataba wake, Ethan alisema nao usogezwe hadi Krismasi.

Juni, mafua yalipokwisha kurudi yalikotoka, Chelagat aliipanda treni ile kwenda kuona. Walezi walikuwa wamerudi. Alipata kiti cha mwisho. Kituo kilichofuata Domina aliingia, akasimama katikati ya watu waliobanana kama njiti za kiberiti, mkoba kifuani.

"Shikamoo, mama Domina," Hodari alisema.

"Marahaba. Hebu niambie, nani aliyetukatia mabehewa mawili?"

Hodari ghafla alipata jambo la kutazama nje ya dirisha.

"Ni mimi, mama," Chelagat alisema.

Domina alimtazama juu mpaka chini. "Basi nipishe nikae."

Chelagat alisimama. Domina aliketi, akajipanga, kisha akamnyooshea Hodari kadi ya Juni, na Hodari akaitoboa.