Sentensi ya Mto

…hapana, usiiguse, iache hivyo hivyo, Sanatu alitaka kumwambia Ziblim wa ofisi ya mto, aliyekuwa ananyoosha mkono kwenye simu iliyolazwa katikati ya meza, lakini akajizuia, maana Mzee Napari, mpiga mbiu wa Kpasuli, alikuwa anakohoa kule kijijini na kikohozi chake kilitoka simuni kikajaa chumba kizima cha mkutano, juu ya bakuli za uji na kosei, zile bagia za kunde, zilizopoa, na maafisa sita wa idara sita walikuwa wametulia tuli wakimngoja, sita, tena meza moja, mwaka juzi hata angeapiwa asingesadiki, mwaka juzi watu wa hali ya hewa walisema mto utajaa Jumatatu, watu wa mto wakasema Jumatano, afya wakasema chemsheni maji bila kusema maji gani, kilimo wakasema vuneni haraka, na yeye, afisa mawasiliano wa mkoa, barua yake iliyokuwa na ukweli wote ililala mezani ikingoja muhuri wa tatu… “Sanatu, mwanangu, mto umebadilika rangi, tuhame?” ndivyo shangazi Lamisi alivyomuuliza kwa simu, na yeye akajibu kwa ile sauti ya ofisini, Mungu amsamehe, “Shangazi, subirini taarifa rasmi,” nao wakasubiri, kwa kuwa ni yeye aliyesema, na maji yakafika Jumatano usiku, na taarifa rasmi ikafika Alhamisi mchana na mihuri yake mitatu, na mume wa shangazi, Mwalimu Issahaku, aliyemfundisha kusoma kwa kuandika mchangani, alikuwa ameshachukuliwa na mto akienda kufungua mbuzi, na shangazi hakumlaumu hata siku moja, afadhali angemlaumu… “Mnanisikia?” Mzee Napari akauliza, na Ziblim akasema tunakusikia mzee, endelea, na Sanatu akabana kalamu, vijiji kumi vimeshajibu, hiki cha kumi na moja, bado saba, na bwawa la juu linafunguliwa leo jioni, hilo halina mjadala, maji hayangoji muhuri, miaka miwili amezunguka mlango kwa mlango akisema hivyo, “Bi Sanatu, kila idara ina msemaji wake,” mkurugenzi mmoja alimwambia huku anachokonoa meno, naye akamuuliza, “Na mto una wasemaji wangapi?” akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa tena, hadi wakakubali, idara zote meza moja, taarifa zote sentensi moja, na sentensi yenyewe ameikata mwenyewe neno kwa neno mpaka ikabaki mifupa, mto utajaa kesho asubuhi, leo kabla ya jua kuzama hamieni shuleni kilimani, watu na mifugo, basi, na chini yake akaandika kwa wino mwekundu, lisiongezwe neno…

“Mbiu nimeipiga mara tatu,” Mzee Napari akasema, “sokoni, msikitini, na kisimani.” “Uliisema kama tulivyokuletea?” Ziblim akauliza. “Neno kwa neno. Lakini walikuwa wananitazama tu, mwanangu, kama mtu anavyotazama mvua akiwa ndani. Basi nikaongeza.” “Umeongeza?” Ziblim akaruka, “Mzee, tulikubaliana, hata neno moja lisi…” na Sanatu akainua kalamu kutoka karatasini, ameongeza, ameongeza nini, tarehe nyingine, mahali pengine, ndivyo ilivyoanza mwaka juzi, neno la huyu na neno la yule, na mzee akaendelea bila haraka, “Nikawaambia, kule shuleni vyungu vimeshainjikwa, ila hakuna atakayetia mkono chunguni mpaka mtu wa mwisho afike. Mwenye njaa akamlete huyo wa mwisho mwenyewe.”

Bibi wa idara ya afya akaziba mdomo kwa kiganja. “Na… wamemleta huyo wa mwisho?” Sanatu akauliza, hakuitambua sauti yake. “Wamemleta, hata Azara! Yule bibi aliyeapa atafia kibandani kwake. Wamembeba na kigoda chake, anatutukana njia nzima, msikilizeni,” na simu ikainuliwa huko, na kweli, ikaja sauti kali ya kikongwe ikiwaita vijana mapunda, na nyuma yake mbuzi, na nyuma ya mbuzi miguu, miguu mingi, kijiji kizima kinatembea ndani ya chumba hiki, na Sanatu akahisi nywele zinamsimama, ni sentensi yake ile inayotembea, lakini si yake tena, yeye aliipa siku na saa na mahali, na mzee asiyejua hata jina la idara moja akaipa mtu wa mwisho, miaka miwili anakata maneno na hilo hakuliona, angeliona wapi, alimuuliza nani, amezungumza na wakurugenzi wangapi kuhusu namna ya kuwaambia watu, na shangazi alipopiga simu hakuwa anaomba taarifa, alikuwa anatoa, mto umebadilika rangi, yeye ndiye aliyekuwa anatoa taarifa, Mola wangu, na mimi nikamwambia asubiri… “Haloo? Au mmekatika?” Mzee Napari akaita, “Huko mliko, mnasikia?” na kabla Ziblim hajafungua kinywa, meza nzima, mto na afya na kilimo na hali ya hewa, bila kupeana zamu, ikajibu kwa pamoja, tunasikia, baba, na katika sauti hizo Sanatu akaisikia yake pia, ndogo, inatetemeka, tunasikia.