Thelathini za Akiba

Fundi wa vibao aliegemeza ngazi kwenye nguzo, akailowesha ile mia ya kibao cha mwendo kwa maji ya sabuni, akangoja gundi ilegee, kisha akaanza kuibandua kwenye kona ya chini. Ukianzia juu inachanika. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, kwa hiyo ilitangazwa kwamba magari yote ya barabara kuu yaende sabini. Alipokwisha kuibandika sabini na kuipangusa, kiganjani ilimbakia ile thelathini iliyopunguzwa, inafurukuta kama kifaranga. Akaitia guniani akakaza kamba.

Kukaza kamba ndiko kulikotaka uangalifu. Kuna fundi mwenzake mmoja aliilegeza kidogo, mwendo ukavuja, toroli lililobeba gunia likaondoka lenyewe likaenda kutumbukia mtoni, naye akapewa onyo kwa uzembe.

Yeye watu walimwita Gundi, wakidhani ni kwa ajili ya kazi. Kumbe jina alipewa na mama yake, kwa jinsi alivyokuwa akimng'ang'ania mgongoni utotoni. Kazi alitafutiwa na kaka yake, Mkuu wa Barabara, mtu wa shati lililonyooka, aliyejua kukutuma kwa namna ambayo wewe ndiye ungeishia kumshukuru.

"Tunaiweka ghalani tu, mdogo wangu," kaka alimwambia. "Mafuta yakishuka bei, kila mtu anarudishiwa chake. Hata mimi natembea sabini."

Gundi aliamini. Walinyonya ziwa moja. Angemwamini nani mwingine? Wauza mboga walipomlalamikia kwamba mchicha siku hizi unafika sokoni umenyauka, aliwajibu kwa maneno ya kaka yake, tena kwa kujiamini: "Vumilieni, mama zangu. Iko ghalani, haiendi popote."

Siku moja asubuhi dada yao akapiga simu kutoka nyumbani, kule mwisho wa barabara. "Gundi, mama anakuita. Njoo leo leo, usingoje kesho."

Akampigia kaka. Simu ilipokelewa na katibu, akasema mkuu yuko kikaoni. Gundi akapanda basi vilevile na sare yake ya kazi, akakaa nyuma ya dereva, na kila walipopita kibao alikitambua, maana alikibandika mwenyewe, tena kimenyooka.

Uvumilivu ulipomwishia akainama mbele. "Dereva, kaza mwendo kidogo. Mama yangu yuko taabani."

"Nikaze nini, ndugu yangu? Nimekanyaga mpaka chini. Thelathini yangu si mlikuja mkaichukua nyinyi?"

Abiria wakacheka, bila ubaya. Mmoja akampa pole na chungwa.

Walipokuwa nusu ya safari, gari la Mkuu wa Barabara likawapita. Injini ilikuwa imezimwa. Nyuma yalipangwa magunia yenye midomo wazi, na Gundi aliyajua yote, kwa kuwa aliyapakia kwa mikono yake. Kaka alikuwa kiti cha nyuma. Aligeuka, macho yao yakakutana, akampungia mkono kwa adabu.

"Mkuu huyo," alisema yule wa chungwa. "Tangu vibao vibadilishwe hanunui mafuta." Akaendelea kumenya lake.

Gundi alifika jua likizama. Dada alikuwa mlangoni, na kwa jinsi alivyosimama hakukuwa na la kuuliza. Chumbani, mama alikuwa amefunikwa shuka. Kaka aliketi kando ya kitanda, viatu amevua.

"Amekufia mikononi mwangu," alisema. "Alikuwa anakuulizia wewe tu. Nikamwambia uko njiani."

"Ulinipita, kaka."

"Nilikuwa na haraka. Mama alikuwa anakata roho."

"Gari lilikuwa na nafasi."

"Yale magunia ni mali ya ofisi, mdogo wangu," kaka alisema kwa upole. "Siwezi kubebea watu binafsi."

Gundi alilia mpaka kifua kikamuuma. Alimlilia mama, na alimlilia kaka pia, ambaye alikuwa hai, hatua mbili tu kutoka kwake, anamtafutia leso. Kuna wakati alitamani dereva wa basi angemtukana kabisa kule njiani. Angalau angekuwa ametukanwa na mtu anayesema kweli.

Walimzika mama. Waombolezaji walimsifu sana kaka kwa kuwahi, na wazee wawili watatu wakamnong'oneza Gundi kwamba mtoto wa mwisho hapaswi kuchelewa kwa mama yake.

Jioni kaka alivaa viatu. Akasema bei imepanda tena, kwa hiyo kesho mwendo unashushwa mpaka hamsini, na vibao vipya viko tayari. Akamfungulia mlango wa gari, akasogeza magunia.

"Panda. Sasa ni kazi ya ofisi."

Gundi akapanda, kwa kuwa basi lingemchelewesha kazini.